Mshipa wa fahamu ‘mgumu’: Kabla ya kukubali upasuaji, uliza ulivyopimwa

Saa tisa usiku mtoto wa miezi minne analia. Mama ananyoosha mkono wa kulia kumchukua, lakini vidole havina habari. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi. Anaukung’uta mkono kama mtu anayekung’uta maji, anasubiri hisia zirudi, ndipo anambeba mwanawe.

Mwanzoni alidhani ameulalia. Mama mkwe akamwambia, “Mwanangu, hiyo ni baridi ya uzazi, hujifuniki vizuri.” Wiki ya tatu kikombe cha uji wa moto kikamponyoka, kikaanguka hatua moja kutoka alipolala mtoto. Hapo mume hakusubiri tena. “Kesho twende hospitali,” akasema.

Huo ni mfano tu, lakini wazazi wengi wataona nyumba yao ndani yake. Ganzi ya mkono ni jambo la kawaida kwa wajawazito na kwa wanaonyonyesha. Siku hizi mgonjwa wa aina hii anaweza kutoka hospitali na karatasi yenye namba ambayo wazazi wetu hawakuwahi kuiona. Chukulia kwamba karatasi ya mama huyu imeandikwa: “Mshipa wa fahamu, kifundo cha mkono wa kulia, 46 kPa, umekakamaa.” Na aliyemkabidhi akaongeza kwamba huenda akahitaji upasuaji.

Anarudi nyumbani na maswali mawili. Namba 46 maana yake nini? Na je, angepimwa kesho, au na mtu mwingine, ingetoka 46 hiyohiyo?

Swali la pili ndilo linaloulizwa mara chache, na ndilo lenye uzito zaidi.

Kipimo hiki kinafanya nini?

Kila anayenunua embe sokoni anafanya kipimo hiki kwa vidole. Anabonyeza. Likibonyea, limeiva, na likikaza, bado. Madaktari nao tangu zamani hubonyeza tumbo, titi na shingo kutafuta sehemu iliyokuwa ngumu kuliko kawaida, kwa sababu maradhi mengi hubadili ulaini wa nyama ya mwili.

Elastografia ni njia ya kubonyeza kwa kutumia mashine ya altrasaundi. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1991, pale Jonathan Ophir na wenzake wa Houston, Marekani, walipochapisha njia ya kupiga picha ya ulaini na ugumu wa mwili. Katika njia yao, nyama hubonyezwa kidogo na mashine huangalia sehemu ipi imebonyea zaidi. Baadaye watafiti wa Paris, Ufaransa, akiwemo Mathias Fink na Mickaël Tanter, walikuza njia nyingine ambayo mashine yenyewe hutuma msukumo ndani ya mwili na kutikisa nyama, kisha hupima mtikisiko huo unakimbia kasi gani.

Kanuni yake ni rahisi. Kamba ya kuanikia nguo ikiwa imelegea, ukiigonga wimbi linakwenda polepole. Ikikazwa sana, wimbi linakimbia. Ndani ya mwili ni vivyo hivyo, penye ugumu mtikisiko hukimbia na penye ulaini hujivuta.

Sauti ya kawaida ya altrasaundi hupita katika nyama kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde. Mtikisiko huu wa pili ni wa taratibu sana, kwa kawaida kati ya mita 1 na 10 kwa sekunde. Mashine huukamata, huhesabu kasi yake, kisha huigeuza kuwa kipimo cha ugumu kiitwacho kilopaskali, ndiyo ile kPa ya kwenye karatasi.

Hakuna sindano, hakuna mionzi, hakuna maumivu. Mama anapakwa jeli, kichwa cha mashine kinawekwa juu ya ngozi, na baada ya dakika chache kazi imekwisha.

Kosa dogo la kasi hukua kwenye karatasi

Tatizo linaanzia kwenye hesabu. Ili kupata kilopaskali, mashine huchukua kasi, huizidisha kwa yenyewe, kisha huzidisha mara tatu. Kasi ikiongezeka maradufu, ugumu unaoandikwa unaongezeka mara nne.

Mtikisiko ukipimwa kuwa mita 3.9 kwa sekunde, mashine itaandika karibu 46 kPa. Ukipimwa kuwa mita 3.5, itaandika karibu 37. Tofauti ya kasi ni ndogo, lakini kwenye karatasi ni pengo la kilopaskali tisa, na linatosha kumhamisha mama kutoka upande wa wazima kwenda upande wa wagonjwa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kipimo hiki ni kama kasi hiyo imekamatwa sawasawa. Katika mshipa wa fahamu, kuikamata si kazi nyepesi.

Ini ni kiroba, mshipa ni uzi

Kipimo hiki kimejijengea heshima kwenye ini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 kuhusu homa ya ini B unataja viwango vya aina moja ya kipimo cha ugumu wa ini: zaidi ya 7 kPa huashiria makovu ya kutiliwa maanani, na zaidi ya 12.5 kPa huashiria ini lililosinyaa kwa makovu. Kuna utaratibu pia. Mgonjwa hufika bila kula kwa saa chache, hupimwa mara kadhaa, kwa kawaida mara 10, na jibu huwa ni namba ya katikati. Vipimo hivyo vikitofautiana mno, matokeo hayaaminiwi.

Ini ni kiungo kikubwa, kizito, chenye nyama inayofanana pande zote. Hesabu ya mashine imejengwa juu ya dhana hiyohiyo, kwamba kinachopimwa ni kikubwa na kinafanana kila upande.

Mshipa wa fahamu haufanani na ini. Ule wa katikati ya mkono, ambao hubanwa kwenye kifundo, una unene wa milimita chache tu. Ndani yake kuna mafungu ya nyuzi, kila fungu na ala yake, na yote yamefungwa kwa ala nyingine ya nje. Ni kama waya wa umeme wenye nyaya ndogo ndani. Ukipima kwa kufuata urefu wake unapata jibu moja, ukipima kwa kuukata kwa upana unapata jingine, kwa kawaida dogo zaidi. Isitoshe, mtikisiko wenyewe mara nyingi ni mpana kuliko mshipa, kwa hiyo unabeba pia habari za kano, mfupa na nyama zilizo jirani.

Kwenye kifundo cha mkono msongamano ni mkubwa. Mshipa huo unapita katika handaki jembamba pamoja na kano 9 za kukunja vidole. Kutenganisha ugumu wa mshipa na ugumu wa kano zilizo karibu nao kunataka mkono uliotulia na jicho lililozoea.

Mkono ulikaaje?

Hapa ndipo matokeo mengi huharibika. Mshipa wa fahamu ni kamba. Mkono ukinyooshwa na kiganja kikakunjwa kwenda nyuma, kamba inakazwa. Ukilegezwa, kamba inalegea. Tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba ugumu wa mshipa uleule, wa mtu yuleyule mzima, hupanda pale kiungo kinapovutwa. Mguuni ni hivyohivyo: goti likinyooshwa na unyayo ukivutwa juu, mshipa wa nyuma ya mguu unakaza.

Maana yake ni kwamba mama aliyepimwa huku amenyoosha kiganja nyuma na mama aliyepimwa mkono ukiwa umelala juu ya mto hawawezi kulinganishwa, hata kama mishipa yao ina afya sawa.

Kuna pia mkono wa mpimaji. Akikandamiza kichwa cha mashine, anaongeza ugumu yeye mwenyewe. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa uangalifu huweka jeli nyingi na kuachia kifaa kielee juu ya ngozi. Sehemu ya mshipa nayo ina maana: kwenye kifundo jibu linaweza kutofautiana na la katikati ya mkono, hata kwa mtu asiyeumwa.

Mzani wa kliniki

Wazazi wanaujua mzani wa kliniki ya watoto, nao unatosha kuelezea neno “kuaminika”.

Muuguzi akimpima mtoto mara mbili kwa dakika tano na kupata kilo 6.2 mara zote mbili, mzani na muuguzi wanaaminika. Akija muuguzi wa pili naye akapata 6.2, ni vizuri zaidi. Mtoto akipelekwa kituo kingine chenye mzani mwingine na kukatoka 6.2, basi namba hiyo inaweza kusafiri na kadi popote.

Hizo ni ngazi tatu tofauti. Kwa elastografia ya mishipa ya fahamu, ngazi ya kwanza ndiyo iliyo imara zaidi. Mpimaji mmoja mwenye uzoefu, mashine moja, siku moja, mkao mmoja, hupata namba zinazokaribiana. Ngazi ya pili, ya wapimaji wawili, mara nyingi hushuka. Ngazi ya tatu ndiyo dhaifu: mashine za kampuni tofauti hukokotoa kwa njia tofauti, na namba ya moja haipaswi kulinganishwa moja kwa moja na ya nyingine.

Watafiti huandika uaminifu huu kwa alama kati ya 0 na 1. Chini ya 0.5 ni hafifu, 0.5 hadi 0.75 ni wastani, 0.75 hadi 0.9 ni nzuri, na zaidi ya 0.9 ni bora sana. Tafiti nyingi za mishipa ya fahamu hutangaza alama nzuri, na mzazi akisoma habari zake mtandaoni anaweza kudhani mjadala umekwisha.

Lakini alama hiyo ina mtego wake. Wapange watoto wa chekechea na wanafunzi wa kidato cha nne, kisha uwapime urefu. Hata kwa kamba yenye mafundo utawatofautisha, na alama itatoka juu. Sasa pima mapacha wa miaka mitano. Kamba ileile itakuchanganya. Kipimo hakikubadilika. Waliobadilika ni watu wanaopimwa.

Ndivyo ilivyo hapa. Utafiti ukichanganya watu wazima kabisa na wagonjwa wa hali mbaya, alama ya uaminifu hupanda. Lakini mama wa mfano wetu hayuko kwenye makundi hayo mawili. Yuko katikati, kama pacha.

Kwa hiyo pamoja na alama, swali jingine huhitajika: namba ibadilike kwa kiasi gani ndipo ijulikane kuwa mshipa ndio uliobadilika, na si kipimo kuyumba? Kwa mfano, kama kosa la kawaida la kipimo ni 5 kPa, hesabu ya kitakwimu inasema mabadiliko yanapaswa kufika karibu 14 kPa ndipo yahesabiwe kuwa ya kweli. Aliyetoka 46 hadi 40 baada ya mwezi wa matibabu hawezi kuambiwa kwa namba hiyo pekee kwamba amepona. Wala aliyetoka 40 hadi 46 hawezi kuambiwa amezidiwa.

Je, kipimo hakifai?

Kinafaa, na kuna matumaini ya kweli. Mwaka 2014 watafiti wa Uturuki walilinganisha watu wenye mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono na watu wazima. Wastani wa ugumu kwa wagonjwa ulikuwa 66.7 kPa, kwa wazima 32.0. Wakipiga mstari kwenye 40.4 kPa, waliwakamata zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10. Tafiti za mshipa wa mguuni kwa wenye kisukari pia zimekuta ugumu mkubwa kwa walioathirika mishipa ya fahamu.

Kwa hiyo kwamba mshipa ulioumia hukakamaa ni jambo ambalo tafiti nyingi zinakubaliana. Kutofautiana kunakuja kwenye mstari wenyewe. Kila utafiti una mashine yake, mkao wake na mstari wake. Hakuna namba moja iliyokubaliwa duniani ya kusema hapa ni mzima na hapa ni mgonjwa, kama ilivyo kwa ini. Anayechukua 40.4 ya Uturuki na kuibandika kwenye mashine nyingine, kwa mkao mwingine, anaazima kipimo cha fundi mmoja kukatia nguo ya fundi mwingine.

Maswali ya kuuliza

Mzazi aliyepewa karatasi yenye namba ya ugumu wa mshipa hana haja ya kubishana na daktari. Anaweza kuuliza kwa heshima, na daktari mzuri atafurahi kuulizwa:

1. Nilipimwa mara ngapi? Jibu la kipimo kimoja lina nguvu ndogo.
2. Mkono au mguu ulikuwa umekaaje, na utakaa hivyohivyo nikirudi kupimwa tena?
3. Upande wa pili ulipimwa? Kulinganisha mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja kunasaidia, ingawa tatizo hili mara nyingi hushika mikono yote miwili.
4. Mstari wa “kawaida” uliotumika ni wa mashine hii?
5. Unene wa mshipa ulipimwa? Altrasaundi ya kawaida huonyesha kama mshipa umevimba, na kipimo hicho kimezoeleka zaidi kuliko cha ugumu.
6. Namba hii inakubaliana na dalili zangu na ulichokiona uliponikagua?

Swali la sita ndilo kubwa. Upasuaji haupangwi kwa namba ya ugumu peke yake. Hupangwa kwa dalili, ukaguzi wa mkono, na inapohitajika kipimo cha umeme wa mishipa ya fahamu, kinachoonyesha ujumbe unapita kwa kasi gani.

Karatasi za kila kipimo zitunzwe pamoja, kama kadi ya kliniki. Na kipimo cha kurudia kifanyike, ikiwezekana, palepale na kwa mtu yuleyule.

Yasiyohitaji mashine

Kuna mengi ambayo familia inaweza kuyaona nyumbani. Mshipa ukibanwa kwenye kifundo cha mkono, tatizo ambalo madaktari hulifupisha kwa herufi CTS, ganzi hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho kwa kawaida huachwa. Huzidi usiku, na kukung’uta mkono huleta nafuu. Kwa wajawazito, maji yanayojaa mwilini hubana handaki lile, na wengi hupata nafuu baada ya kujifungua. Hatua ya kwanza mara nyingi ni kifaa cha kushikilia kifundo kikiwa kimenyooka wakati wa kulala. Kama haisaidii, kuna sindano ya dawa, kisha upasuaji.

Lakini nyama ya chini ya kidole gumba ikianza kupungua, ganzi ikiwa haiondoki mchana wala usiku, au vitu vikianza kuponyoka mara kwa mara, si wakati wa kusubiri. Mshipa uliobanwa muda mrefu unaweza kupoteza nguvu zisizorudi.

Kwa baba au bibi mwenye kisukari, kipimo muhimu kuliko vyote ni kuvua viatu. Miguu ikaguliwe kila siku nyumbani, na angalau mara moja kwa mwaka kituoni, ambako uzi maalumu wa plastiki hugusishwa kwenye unyayo kuona kama bado una hisia.

Na baka kwenye ngozi lililopauka au kuwa jekundu, lisilohisi mguso, hasa likiambatana na ganzi ya mkono au mguu, lipelekwe kituo cha afya mapema. Linaweza kuwa ukoma, ugonjwa unaoshambulia mishipa ya fahamu na ambao dawa zake hutolewa bure. Hapo mhudumu aliyefundishwa hupapasa mshipa nyuma ya kiwiko kwa vidole vyake kuona kama umevimba. Ni embe lile lile la sokoni, na bado linaokoa mikono ya watu.

Karatasi ikirudi mezani

Mama wa mfano wetu anarudi kwa daktari na maswali yake. Anagundua kwamba alipimwa mara moja tu, kiganja kikiwa kimekunjwa nyuma. Anapimwa tena mara kadhaa, mkono umelala juu ya taulo lililokunjwa. Namba inashuka, ingawa haishuki hadi kumtoa wasiwasi. Altrasaundi ya kawaida inaonyesha mshipa umevimba kidogo. Nyama ya kidole gumba ipo kamili, nguvu zipo.

Daktari anamwambia mshipa umebanwa, lakini haujafika pa kupasuliwa. Anapewa kifaa cha kuvaa usiku na tarehe ya kurudi baada ya wiki sita. Nyumbani mume anachukua zamu ya kumwinua mtoto usiku, na mama mkwe anahamisha uji wa moto kutoka ukingoni mwa meza.

Namba ya 46 haikuwa uongo. Ilikuwa jibu la mkono uliokunjwa, siku ile, kwa mashine ile. Ilitosha kumfanya daktari aangalie tena, lakini haikutosha kumlaza mama kwenye meza ya upasuaji.